Meza Kwanza, Ndipo Ujibu

Dada Hyasinta,

Naandika nimesimama. Karatasi nimeiweka juu ya kabati la vyombo, lile lenye mguu mbovu, maana kukaa nimeshindwa. Mumeo yuko nje kwenye benchi langu. Nimempa kikombe cha chai na anakitazama tu. Nimemwuliza swali moja: Editha abaki shuleni hapa Matiri, au aende ziwani Lituhi kwa bibi yake kama alivyokwisha kuamua? Akainamisha kichwa, akanyamaza. Mimi unanijua. Ningebaki pale benchini kidogo tu ningemjibia mwenyewe, tena ningemjibia vibaya. Kwa hiyo nimeingia ndani kutafuta kalamu, afadhali nikusumbue wewe.

Usinicheke. Najua unacheka.

Barua huanza kwa kujuliana hali. Hali yako naijua, nilikuwepo tulipokufukia. Yangu ni hii: silali vizuri, nasahau chumvi kwenye maharage, na wiki hii nimegombana na watu ambao hawakunikosea kitu. Nikisimama nataka kukaa, nikikaa nataka kusimama.

Tangu Pasaka ulipotutoka mambo yamekwenda mbio. Wale wanunuzi binafsi wa kahawa, uliosema watakuja mara moja na kupotea, hawajapotea. Wanapanda na magari yao mpaka mlangoni mwa mtu, wanapima hapo hapo, wanaondoka. Ghala la ushirika linafunguliwa siku likijisikia, na ule mzani wa zamani kuku wanautagia. Watu wana haraka, dada! Kila mtu anataka awahi kuvuna kabla ya jirani, na watoto wanatolewa darasani kwenda kuchuma. Shemeji naye kaingia humo humo. Anashinda Mbinga, anarudi amechoka, anakuta nyumba haina moto. Simlaumu sana. Na mimi ningekuwa na pa kukimbilia ningekimbia.

Na Editha hasemi.

Nyumbani anasema ya lazima tu: maji yamechemka, mbuzi amekata kamba. Darasani hasemi kabisa. Darasa lako la tatu nimepewa mimi. Mwalimu Mkuu alinikabidhi matanga hayajaanuliwa, kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka. Kwa hiyo mwanao ananitazama kila siku kutoka lile dawati la dirishani, nami nimesimama pale pale ulipokuwa ukisimama wewe, nimeshika chaki ulizoziacha. Jamani. Siku ya kwanza nilitoka nje nikajifanya napenga kamasi.

Mwalimu Mkuu akatamka kwamba mtoto huyu atarudia darasa. Shemeji akazipata habari. Akanisimamisha nje ya kanisa, watu wanatoka misa: "Shemeji, kama hajibu, anakaa darasani kufanya nini? Aende kwa bibi yake akaanike usipa. Kule angalau mchana kuna watu nyumbani." Lo! Nilitaka kumrushia kitabu cha nyimbo. Ndiyo, Lituhi shule ipo, na mama yako anampenda mjukuu wake. Lakini wewe ndiye uliyenieleza, wala sikuelezwa na mwingine, kwamba usipa, dagaa wenu hao wa ziwani, wakijaa ufukweni hakuna anayeuliza nani yuko darasani. Na mtoto aliyeondolewa huku kwa sababu hajibu, atafika huko na sifa hiyo hiyo. Nikamwomba shemeji angoje mwisho wa muhula. Muhula umekwisha Ijumaa iliyopita. Ndiyo maana leo Jumapili amekuja, amevaa koti lake la misa, na ndiyo maana mimi nimesimama kama mtu anayengoja hukumu.

Nimechungulia. Bado anakitazama kikombe.

Unamkumbuka yule mtafiti? Kijana wa chuo kikuu, begi la turubai, saa kubwa kuliko mkono wenyewe. Alisema wazi kwamba yeye si mkaguzi, amekuja kutazama tu jinsi tunavyofundisha. Nani alimwamini? Mtu katoka Dar na kalamu mfukoni, asiwe mkaguzi? Mwalimu Mkuu akatoa amri tulizozizoea: madarasa yaitikie kwa sauti, yasikike hadi kwenye mashine ya kahawa, na wale watoto wazito wapewe majembe waende shamba la shule mpaka mgeni aondoke. Ndivyo shule yetu ilivyopokea wageni tangu zamani. Wote tuligawa majembe. Wewe peke yako ulimjibu Mwalimu Mkuu kwa upole kabisa, "Mimi mtu wa ziwani, mwalimu, majembe siyajui," ukabaki na watoto wako wote.

Kijana akakaa nyuma ya darasa lako siku baada ya siku, kimya kama paka. Mpaka ukachoka. Ukampelekea togwa wakati wa mapumziko ukamwuliza, "Baba, unaandika nini kutwa?" Akakuonyesha. Alikuwa amechora madawati yote, na kila swali lako amelivutia mstari kwenda kwa mtoto uliyemtaja. Mistari yote ilirundikana mbele, kwa wale wale wenye vidole juu. Halafu alikuwa amepima kwa saa yake ni muda gani unangoja ukishauliza, kabla hujataja mwingine au kujijibu mwenyewe. Hata pumzi moja haikuwa inatimia.

Weee! Ulirudi nyumbani umevimba. "Mimi? Mimi Hyasinta siwasubiri watoto?" Ugali wa siku ile ulikuwa na mabonge kama ngumi. Nami, rafiki mwema, nikachochea: mwache huyo, hajawahi kushika chaki, angepewa darasa lililofurika namna hii angekimbia kabla ya kengele ya saa nne. Nilidhani tumemaliza. Kumbe hukulala. Asubuhi ukaniambia, "Skola, vaa saa yako. Njoo ukae nyuma unipimie."

Nikakaa. Ilikuwa kweli. Ukaja kukaa nyuma ya darasa langu, na langu lilikuwa baya zaidi. Ulicheka mpaka ukashika ubavu. Ukasema mimi nauliza swali kama mtu anayemwaga maji machafu: nageuka kabla hayajafika chini.

Halafu ile siku ya mvua jikoni, tukipukuchua maharage. Nilikusimulia ili nikuchekeshe tu. Zamani kwetu Wamatengo wanaume na wavulana walikula pamoja kwa babu, kwenye sengu, na hapo ndipo mtoto alipoulizwa mambo na kufunzwa. Sisi wasichana tulikula jikoni kwa bibi, lakini adabu ilikuwa moja. Mkubwa akikuuliza hujibu papo hapo. Unashusha macho, unameza kilichomo mdomoni, unatulia, ndipo unasema. Anayejibu upesi upesi amemdharau aliyemwuliza. Mimi na ulimi wangu huu nilijibu tonge likiwa mdomoni, na bibi akanigonga kwa mwiko: "Meza kwanza, ndipo ujibu!"

Hukucheka. Uliacha kupuliza moto, macho yamejaa moshi, ukasema, "Rudia hapo."

Nikarudia. Ukasema, "Kwa hiyo mtoto aliyelelewa vizuri kwenu, nikimwuliza, ananyamaza kwa heshima. Mimi naona hajui, nakwenda kwa mwingine. Mungu wangu, Skola. Wenye adabu wote tumewapa majembe."

Ukaendelea kunisuta: sisi walimu wa hapa tumelelewa hivyo hivyo, tukaenda chuo cha ualimu, tukarudi tumesahau mwiko wa bibi. "Nyie watu wa milimani!" Nikakujibu angalau sisi hatunuki usipa. Lakini siku ile sikuwa na hamu ya utani, na wewe uliona.

Huwa nalifikiria sana jambo hilo, dada, hasa sasa ambapo sina wa kulizungumza naye. Yule kijana aliona tunachofanya, ila sababu hakuijua. Sababu tulikuwa nayo sisi, tumekulia ndani yake, ila tulikuwa hatujawahi kujitazama. Bila yeye na saa yake ningesimulia hadithi ya mwiko mpaka kufa kwangu, watu wakicheka. Na alipoondoka aliahidi kwamba matokeo atayarudisha. Hajarudisha. Nilipokwenda Mbinga kufuatilia mshahara nilipita kituo cha walimu nikauliza kama kuna chochote kimefika. Nikaonyeshwa kabati la vitabu vya wafadhili, vyote Kiingereza, vingine havijafunguliwa hata nailoni yake. Nilirudi nimekasirika mpaka konda akaniuliza kama naumwa. Mtu anachukua kwetu, anakwenda kupata shahada, na sisi tunabaki na nini? Basi. Nimesema. Kama alipata tabu njiani Mungu anisamehe.

Wala si kwamba kila alichokiona kiliingia darasani kama kilivyo. Unakumbuka wiki ya kwanza tuliyojaribu kusubiri? Mimi nasubiri kwa heshima zote, nyuma huko wanafinyana, mmoja ameng'atwa sikio. Karatasi za mtafiti hazikusema lolote juu ya watoto wanaong'atana masikio. Wewe ndiye uliyepata dawa: kwanza kila mtoto amnong'oneze jirani yake anachofikiri, kisha kimya, kisha mmoja aseme. Na sisi walimu tumeze mate kabla ya kufungua mdomo. Ukinipita mlangoni ulikuwa unagusa koo lako kwa kidole, kunikumbusha.

Mwalimu Mkuu hakupenda. "Utafiti ni wa Dar," alisema, "mtihani ni wa hapa." Kwake yeye darasa linalosikika barabarani ndilo linalosoma. Ukamwamkia shikamoo yake vizuri, ukamwambia debe tupu haliachi kuvuma. Nilidhani utahamishwa siku ile ile! Lakini watoto waliokuwa wakipewa majembe wakaanza kusema. Si wote. Wapo uliowasubiri wakameza, wakatulia, na bado wakawa hawajui, nawe ukakaa nao baada ya kengele. Ila walisema vya kutosha hata mimi, mbishi, nikaona.

Shemeji ameinuka. Anazunguka mibuni yangu ile michache, anageuza majani kama anatafuta wadudu. Chai hajaigusa.

Sasa sikiliza lililo moyoni. Subira ilikuwa yako. Mimi niliiazima kwako tu, na ulipoondoka nikaona imeondoka nawe. Watu wananiambia subira huvuta heri, natamani kuwatimua. Watoto wengine nawasubiri, najikaza. Editha nashindwa. Nikimwuliza ananiinulia macho yako, yale yale, kisha anayashusha, na mimi roho inanipanda juu. Nahofia hatasema. Nahofia wenzake watamcheka, nahofia kesho baba yake atamchukua. Basi narukia: "Haya, Bosko, msaidie." Nimefanya hivyo muhula mzima. Mimi niliyejua, niliyeonyeshwa, niliyepimiwa kwa saa! Kujua jambo na kuweza kulifanya siku unaumia, dada, vimekaa mbali sana.

Alhamisi amekuja mkaguzi. Safari hii mkaguzi kweli, kutoka wilayani. Asubuhi Mwalimu Mkuu akapita madarasani: "Wale wasioweza, majembe." Akaniangalia. "Na yule mtoto wa marehemu, apumzike naye, asije akatuaibisha." Alisema kwa huruma, nadhani. Nikamwambia mimi nimekuwa mtu wa ziwani, majembe siyajui.

Wakaingia wote wawili, wakakaa nyuma. Somo lilikuwa sayansi, rutuba ya udongo, na mimi nikaona niulize kitu ambacho kila mtoto wa milima hii amekifanya kwa mikono yake. Tukitayarisha ngoro, mashimo yetu ya kulimia mlimani, baba anakata majani na kuyapanga miraba mteremko mzima, mama anachimba katikati ya kila mraba na kuyafunika majani kwa udongo. Kwa nini hatuyachomi tu yakaisha? Kwa nini tunayafukia? Wakanong'onezana. Kimya. Vidole vikapanda, Bosko karibu aruke juu ya dawati. Na mdomo wangu, sijui nani aliutuma, ukasema, "Editha."

Akashusha macho.

Nikangoja. Gari la kahawa lilikuwa linapanda mlima, linakwama, linanguruma, linapanda tena. Mwalimu Mkuu akakohoa. Kikohozi kile nakijua, maana yake ni "endelea." Mkaguzi akatazama saa. Bosko anapiga vidole, "Mimi mwalimu! Mimi!" Chaki ikavunjika mkononi mwangu. Nikameza mate. Nilitaka kusema, dada. Nilitaka kumwokoa! Nilijiona nafungua mdomo, nikaufunga. Nikakuona mlangoni na kidole chako kooni, na naapa sikuwa na homa.

Kisha nikaliona koo lake dogo. Likapanda, likashuka. Alikuwa amemeza.

Akasimama. Akasema, sauti imekwaruza kama ya mtu aliyeamka sasa hivi, "Ili yaoze, mwalimu. Yakioza, maharage yanakula." Nikadhani amemaliza. Hakukaa. Akameza tena, akasema, "Mama alisema hayapotei. Yanafanya kazi humo chini."

Nikageukia ubao. Nikafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Maana nakumbuka ngoro yako ya kwanza ulipoolewa huku, mtu wa ziwani, imepinda kama njia ya ng'ombe, mama mkwe wako anacheka mpaka anakaa chini, na wewe na jembe lako unauliza kwa nini, kwa nini, kwa nini majani haya yasichomwe. Kumbe jibu ulilopewa ulilitunza, ukampa mwanao. Na yeye amekaa nalo kimya tangu siku ile ya Pasaka tulipofunika udongo mwingine.

Mkaguzi alinibakiza baada ya kipindi. Akauliza kwa nini nakaa kimya muda mrefu hivyo mbele ya watoto, na jambo hilo nimelisoma wapi. Nikamwambia sikulisoma, nimefundishwa na Mwalimu Hyasinta, naye alipimiwa na kijana mmoja mtafiti, na mengine tumeyatoa jikoni kwa bibi yangu. Akaandika. Sijui ameandika zuri au baya, na tangu Alhamisi hilo nalo linanitafuna. Mwalimu Mkuu bado anasema darasa langu linalala. Lakini yule mwalimu mgeni wa darasa la pili alinifuata jana, anaona haya, akaniuliza kama shule ikifunguliwa naweza kwenda kukaa nyuma ya darasa lake na saa. Nimemwambia nitakuja, na yeye aje kwangu. Tutajipimia wenyewe, wala hatutamngoja mtu na begi. Akija tutampokea, lakini safari hii hataondoka mpaka ameturudishia.

Yote haya nimemweleza shemeji hapo benchini, jibu la Editha neno kwa neno. Ndipo nikamwuliza swali langu. Ndipo akanyamaza. Na mimi nimekuwa humu namwona mtu mgumu, mkaidi, kumbe mwanamume huyu alikula kwenye sengu kwa babu yake mpaka akaota ndevu.

Ngoja. Ananiita.

Nimetoka, nimerudi. Alikuwa amesimama kwenye kahawa, anatazama chini. Nikasimama nami. Hakusema. Nikangoja, Mungu shahidi yangu, nikangoja. Akasafisha koo akaniuliza, "Shemeji, sweta za shule siku hizi wanafuma wapi? Ile ya Editha imembana, na baridi ya huku unaijua."

Nilitaka kupiga vigelegele. Nilitaka kumkumbatia, kumtukana, kumwambia ungesema tangu asubuhi, mwanamume wee! Nikameza kwanza. Ndipo nikamjibu: kwa yule mama wa karibu na soko, na amwambie aifume kubwa kidogo, maana mtoto anakua.

Kwa heri, dada yangu. Tulia huko huko chini ya mibuni ya wakwe zako, na baridi yao uliyoilalamikia miaka yote. Editha nitamsubiri hata akinyamaza tena, maana najua atanyamaza tena. Na majembe hayatagawiwa darasani kwako nikiwa hai. Sasa nakwenda kumpashia mumeo moto chai yake, imepoa kabisa.

Mimi mwenzako asiyetulia,
Skola